Aliyegusa Tangazo la Januka

Ofisi ya Kuhiro ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyombo vya shaba, kwenye mteremko wa mawe unaoshuka kutoka katikati ya Tansen. Kuhiro maana yake ukungu, na jina liliifaa tovuti ya habari ya mji wetu, kwa kuwa asubuhi nyingi ukifungua dirisha la ofisi ile huoni bonde, unaona maziwa.

Waliofanya kazi humo walikuwa watatu. Mhariri alikuwa Tirtha Gyawali, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa, ambaye kila mtu alimwita Dai, yaani kaka. Mwandishi alikuwa Homnath, mnene, mcheshi, anayeanza kucheka kabla utani wake haujafika mwisho. Wa tatu alikuwa Rojina Saru. Rojina hakuandika habari. Kazi yake ilikuwa kila kilichozizunguka: safu ya pembeni, ile inayoshuka ubavuni mwa ukurasa, na kijachini, sehemu ya mwisho kabisa ambayo watu wachache huifikia.

Huko pembeni ndiko wasomaji walikokimbilia, ingawa Homnath hakupenda kuambiwa hivyo. Bei ya dhahabu ilikuwa na kisanduku chake. Hali ya hewa, kisanduku chake. Nyota, tarehe ya leo, tanzia, pongezi za ndoa, vyote vilikaa katika visanduku ambavyo Rojina alivipanga kama mtu anayepanga mitungi rafuni: hiki kipande, hiki kishuke, hiki kionekane mpaka Ijumaa kisha kiondoke. Kule chini kwenye kijachini aliweka jina la mhariri, namba ya usajili na simu ya ofisi, mambo ambayo sheria inayataka na hakuna anayeyasoma.

"Malkia wa Pembeni," Homnath angesema akiingia, "nyota yangu leo inasemaje?"

"Inasema ufunge mdomo mpaka jioni."

"Hiyo umeitunga wewe!"

"Na za watu wengine unadhani anazitunga nani?"

Ndivyo walivyoishi, mpaka siku alipokuja mzee Dilman Rana.

Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mgongo umenyooka, kofia ya kitambaa cha dhaka kichwani, fimbo mkononi ambayo hakuiegemea. Alitoka Okhaldanda, kijiji cha mama yake Rojina, na kwa desturi yetu mwanamume yeyote wa kijiji cha mama ni mjomba. Alipojua msichana yule ni mtoto wa nani, akamwita mpwa papo hapo na kukataa kuketi mpaka naye aketi.

"Mke wa mwanangu ametoweka," alisema. "Januka. Mumewe amerudi kutoka ng'ambo, na yeye kichwa chake hakiko sawa siku hizi. Sikukuu ya Dashain inakuja, nitawapaka wote nyumbani tika ya baraka kwenye paji, na yeye hayupo? Watu wataniuliza nini?"

Alitoa picha. Mwanamke kijana, uso mwembamba, amesimama mbele ya zizi. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya plasta nyeupe.

"Huu mkono?" Rojina aliuliza.

"Alianguka kutoka juu ya mti akikata majani ya mbuzi."

Jibu halikumshangaza Rojina. Mama yake mwenyewe alishawahi kuanguka hivyo, na mashangazi zake pia. Aliingiza picha kwenye kompyuta na kuandika alivyoelekezwa: ANATAFUTWA. Januka Rana, ana matatizo ya akili, aliondoka nyumbani bila kuaga. Atakayemwona apige namba hii. Mzee akaitaja namba kwa kujivuna, kwa sababu iliishia na sufuri mfululizo. "Namba ya jenerali," alisema. "Hata mtoto haisahau."

Tirtha aliposikia alitoka chumbani kwake, akaitazama picha, akasema, "Weka." Basi. Hakuuliza swali lolote. Rojina alishangaa kidogo, kwa sababu Dai alikuwa mtu wa kumhoji hata anayeleta tangazo la ng'ombe aliyepotea: pembe zikoje, shahidi nani. Lakini mshangao huo ulipita, na tangazo likakaa pembeni, kati ya bei ya dhahabu na hali ya hewa.

Baada ya siku chache mzee alirudi, amekunja uso.

"Mpwa wangu, ndugu zangu wa Butwal wanasema hawamwoni."

"Hawamwoni vipi, mjomba? Huyu hapa." Rojina aligeuza kompyuta. Januka alikuwa pale pale, na plasta yake.

Mzee aliitazama, akashusha pumzi. "Basi macho yao mabovu," alisema, akaondoka.

Lakini Rojina hakutulia. Alichukua simu yake mwenyewe, akafungua Kuhiro. Dhahabu ilikuwepo. Hali ya hewa ilikuwepo. Katikati yake hapakuwa na kitu. Alifungua mipangilio ya kile kisanduku, akaona mtu amekiwekea alama: kionekane kwenye kompyuta pekee.

Nani anayesoma Kuhiro kwenye kompyuta? Wao watatu, na labda karani mmoja mmoja wa serikali. Mji mzima, vijiji vyote, vijana wote walioko Uarabuni na Malaysia, walisoma kwenye simu. Yaani tangazo lilionekana mahali pale tu ambapo mzee angeonyeshwa, na kwingine kote halikuwepo. Hilo halikuwa kosa la kidole. Aliyefanya hivyo alikuwa amefikiri.

Mfumo ulionyesha pia nani aliyegusa kisanduku mara ya mwisho. Uliandika: Rojina.

Alikwenda kumwambia Tirtha. Tirtha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Hapo pameandikwa jina lako."

"Naliona, Dai."

"Sasa?"

"Sasa sio mimi."

"Labda nyota," Homnath alisema kutoka mezani kwake. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe hakufika mbali.

Rojina aliondoa ile alama, akakipandisha kisanduku juu kabisa, akaamua kukiangalia kila baada ya chai. Kwa siku kadhaa kilitulia. Kisha asubuhi moja akakuta hakipo pembeni. Alikitafuta, akakikuta kwenye kijachini, chini ya namba ya usajili, picha imepunguzwa hadi ukubwa wa kucha, maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeusi. Ungelazimika kujua lipo ndipo ulione. Na mgusaji wa mwisho, tena, alikuwa Rojina.

Hapo shaka ikapata sura ya mtu. Homnath alilijua neno lake la siri. Alimpa mwenyewe, wakati mama yake anaumwa na mtu wa kuweka tanzia hayupo. Halafu Rojina akakumbuka kwamba siku ile mzee alipoleta picha, Homnath alisimama nyuma ya kiti chake akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mrembo, maskini." Wakati ule lilikuwa neno la kawaida. Sasa alilirudia kichwani na kila mara lilizidi kunuka. Anamjua? Yeye ndiye aliyemtorosha? Mwanamke ana mume, mume amerudi kutoka ng'ambo, mwanamke anatoweka, na mwandishi mcheshi asiye na mke anaficha tangazo lake.

Akaanza kumchunguza. Homnath akiongea na simu kwa sauti ya chini, Rojina alipunguza kasi ya vidole ili asikie. Homnath akitoka mapema, alimtazama dirishani aone anapinda kona gani. Siku mbili tatu hakumtania, na Homnath, ambaye hakuweza kuishi bila kutaniwa, alianza kuhangaika.

"Malkia, umeninunia?"

Walikuwa wanakula. Mke wa Tirtha alikuwa amewaletea bakuli la chukauni, viazi ndani ya mtindi, kama alivyozoea kufanya akitoka zamu hospitalini. Rojina aliweka kijiko chini.

"Homnath, Januka ni nani wako?"

"Januka gani?"

"Usijifanye. Mwanamke wa tangazo. Ni wewe unayelihamisha."

Homnath alicheka, kisha akamwona usoni, kicheko kikakatika.

"Mimi?"

"Nani mwingine ana neno langu la siri?"

"Uliniomba mimi nilichukue! Mama yako yuko kitandani, unalia, unaniambia Homnath nisaidie." Alisukuma sahani yake. "Nikakaa hapa naweka picha za maiti za watu mpaka ukarudi. Na leo ndiyo ushahidi dhidi yangu?"

"Nimekuuliza tu."

"Hujauliza. Umesema ni mimi." Aliinuka. "Kula. Mimi nimeshiba."

Jioni ile Tirtha aliwaita wote wawili chumbani kwake. Mzee Rana alikuwa amepiga simu, alisema, na amekasirika. Aliongea taratibu, macho yake kwa Rojina.

"Huyu mzee ni mjomba wako?"

"Wa kijiji cha mama. Si wa damu."

"Mnaonana nje ya ofisi? Unaongea na watu wa nyumba yake?"

"Dai, unaniuliza nini hasa?"

"Nakuuliza ninachokuuliza. Jina lako limeonekana mara mbili. Mimi ndiye ninayejibu kwa kila kitu kilichomo humu."

Homnath alikuwa anatazama ukuta. Rojina alisubiri aseme neno, lolote, hata utani mbaya. Hakusema. Rojina alitoka, akapanda mteremko bila kusalimia watu, na wanaomjua wakashangaa.

Kesho yake alibadilisha neno la siri. Hakumwambia mtu. Alirudisha kisanduku pembeni, akahakiki kwenye simu kwamba kinaonekana, akajisemea kwamba sasa mwizi ameshafungiwa nje.

Mchana alishuka dukani kununua batuk, maandazi ya dengu ambayo huliwa yakiwa ya moto, akazungumza kidogo na mwenye duka, akarudi. Kompyuta ilikuwa vile vile alivyoiacha, wazi. Alitupa jicho pembeni mwa ukurasa. Januka alikuwepo. Picha ukubwa ule ule, maneno yale yale. Alikuwa karibu kuendelea na bei ya dhahabu, kisha mkono ukasimama.

Sufuri hazipo.

Namba ya jenerali haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na namba nyingine, ya kawaida, isiyokumbukika. Na mgusaji, bila shaka, Rojina.

Aligeuka. Homnath alikuwa ametoka tangu asubuhi, kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa. Kiti chake kilikuwa kitupu, koti lake halipo. Mlango wa Tirtha ulikuwa umefungwa na nyuma yake kulikuwa kimya. Rojina alikaa akiitazama namba ile. Yeyote atakayemwona Januka barabarani, dukani, kwenye basi, atafikiri anampigia baba mkwe, kumbe anampigia huyu. Huyu alitaka kujua Januka ameonekana wapi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa nini? Amtendee nini?

Alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga.

Iliita kidogo tu.

"Haloo? Umemwona?" Sauti ya mwanamke, ya haraka. "Sema polepole, usiogope. Ni wapi?"

Rojina alikata. Sauti ile aliijua. Mwaka uliopita aliumwa na mbwa, akaenda hospitali kuchomwa sindano, na kila safari nesi alimshika bega na kumwambia maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo: sema polepole, usiogope. Nesi yule alikuwa Kalpana, mke wa Tirtha. Wa chukauni. Walimwita bhauju, mke wa kaka.

Simu yake ikaita. Namba ile ile.

"Rojina? Ni wewe, mdogo wangu? Jina lako limetokea." Kalpana alikuwa anahema. "Uko na nani hapo?"

"Peke yangu, bhauju."

"Nisikilize. Usimwambie mtu. Mtafute Dai wako, mwambie nimesema akueleze kila kitu. Mimi nazima laini hii."

Rojina alimkuta Tirtha juu ya paa la jengo, ambako mwenye duka alianika figili kwenye mikeka. Hakuwa anafanya kitu. Alisimama tu, na alipomwona Rojina usoni, alijua kwamba amegunduliwa.

"Ni wewe," Rojina alisema.

"Punguza sauti."

"Ni wewe, Dai! Umeniita chumbani, umenihoji kama mwizi wa kuku, na ni wewe!"

Tirtha alitazama mapaa ya jirani, kisha akaongea haraka. Kalpana ndiye aliyemhudumia Januka alipoletwa na mkono. Mkono ulikuwa umevunjwa mahali ambapo mtu akianguka hauvunjiki hivyo, na mgongoni kulikuwa na alama nyingine za zamani. Mume alisimama pembeni ya kitanda muda wote akijibu maswali badala yake. Mara ya pili Januka alikuja peke yake, kwa miguu, na hakutaka kurudi. Kalpana alimpeleka kwa dada yake mwenyewe, upande wa pili wa bonde. Januka hana tatizo lolote la akili. Alikuwa anangoja plasta itolewe na aweze kufika polisi wa mbali, ambao hawajakunywa chai na mzee Rana.

"Kwa nini ulilikubali tangazo, basi? Ungelikataa."

"Nikilikataa, analipeleka kwingine, na anaanza kujiuliza kwa nini nimekataa. Likiwa kwetu, naweza kulishika."

"Kwa jina langu."

"Jina langu angelielewa haraka. Mke wangu yuko hospitali ile. Lako..." Alisita. "Lako lingeonekana uzembe. Msichana amebofya vibaya."

"Leo nimebadilisha neno la siri."

"Najua. Uliacha kompyuta wazi, kama kawaida yako."

Rojina alitaka kumsukuma kwenye figili. "Ungeniambia. Ningefanya mwenyewe, na ningefanya vizuri kuliko wewe. Kijachini! Picha ndogo kama kunguni! Ulidhani sitaiona?"

"Anakuita mpwa," Tirtha alisema. "Nilikaa ndani nikasikia mnavyoongea habari za kijiji chenu. Ningejuaje uko upande gani?"

Hilo lilimuuma zaidi ya yote. Alifungua kinywa amjibu, na ndipo alipoona, chini kwenye mteremko wa mawe, kofia ya dhaka na fimbo isiyoegemewa. Kando ya mzee alitembea mwanamume wa miaka thelathini hivi, koti la ngozi, simu mkononi. Walikuwa wanaelekea mlangoni kwao.

Walishuka wote wawili mbio. Rojina alipofika mezani, Homnath naye alikuwa amerudi, anavua viatu vyenye matope. Hakukuwa na muda wa kumwambia kitu. Hatua zilishafika kwenye ngazi.

"Huyu ni mwanangu, Khim," mzee alisema. Hakumwita mtu mpwa leo.

Khim hakuketi. Aliinua simu yake. "Namba hii ya nani?"

Tirtha aliisogelea, akakunja uso. "Ipi?"

"Hii kwenye tangazo. Si ya baba. Tuko hapo sokoni, rafiki yangu ananiambia amepiga toka Doha, kapokelewa na mwanamke, anaulizwa wapi, wapi. Alipouliza wewe nani, akakatiwa. Mwanamke gani huyo?"

Rojina alimwona Tirtha akimeza mate, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba Dai anaogopa, anaogopa kweli, kama mtu yeyote. Akaitazama mikono ya Khim. Ilikuwa mikono ya kawaida, safi, kucha zimekatwa.

"Ni kosa langu," Rojina alisema. "Nilikuwa nabadilisha tangazo lingine, nikachanganya namba."

"Haiwezekani," Homnath alisema.

Wote wakageuka. Homnath alisimama na kiatu kimoja mkononi, uso umemwiva. Tangu siku ya chukauni hakuwa amemsemesha Rojina zaidi ya lazima, na sasa alichagua kumtetea.

"Rojina hakosei namba. Mimi ndiye ninayekosea namba. Yeye hajawahi, hata bei ya dhahabu, hata..."

"Nimekosea, Homnath."

"Lakini wewe ulisema kuna mtu ana..."

"Nimesema nimekosea! Kaa kimya kwa mara moja katika maisha yako."

Homnath alifumba mdomo. Tirtha naye akaipata sauti yake, ikawa kubwa kuliko Rojina alivyowahi kuisikia. Akamkaripia mbele ya wageni: mzembe, hajali, watu wana msiba nyumbani na yeye anachezea visanduku, siku nyingine atafute kazi kwingine. Alikaripia vizuri mno. Rojina aliinamisha kichwa na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kuigiza.

Khim hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amepiga ile namba na kuweka spika. Wote walisikia: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Alipiga tena. Haipatikani.

"Irekebishe," alimwambia Rojina. "Mbele yangu."

Alisimama nyuma ya kiti chake, karibu hata harufu ya koti lake ikamfikia, akatazama kila herufi. Rojina aliandika namba yenye sufuri, akahifadhi. Khim alihakiki kwenye simu yake.

"Mama yako ni wa Okhaldanda," alisema, polepole. "Sivyo?"

"Ndiyo."

"Sawa."

Mzee alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi. Walipokwisha kuondoka, Tirtha alimpigia mkewe, na jioni hiyo hiyo, kabla taa hazijawashwa, Januka alitolewa kwa dada wa Kalpana akashushwa hadi tambarare kwa gari la mboga, amejifunika shali, ameketi kati ya magunia ya tangawizi.

Kwa wiki moja hivi Rojina aliishi kwa wasiwasi. Pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake aliingia duka lililo karibu. Alimpigia mama yake kila siku, na mama akamuuliza kama ana mchumba anayemsumbua. Tirtha alijaribu kumwambia asante, mara moja, kwenye ngazi. Rojina alimwambia, "Mwambie Homnath. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba nilimshuku kwa kazi uliyoifanya wewe." Tirtha akamwambia. Homnath alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika habari ya kahawa.

Kisha afisa mwanamke wa polisi alipiga simu ofisini kutoka wilaya nyingine. Januka Rana ameonekana, alisema, ni mtu mzima, ana akili zake timamu, amefungua kesi. Tangazo litolewe.

Kabla Rojina hajaligusa, mzee Dilman aliingia. Alikuja peke yake, na safari hii fimbo ilikuwa imebeba uzito wake.

"Wameshakupigia?"

"Wamepiga, mjomba."

"Litoe."

Aliketi bila kukaribishwa. Rojina alifungua kile kisanduku. Hakuweza kuvumilia kumwona amekaa vile, akamuuliza kama atakunywa chai. Mzee alikataa kwa kidole.

"Ulijua?" aliuliza.

Rojina alihamishia macho kwenye kompyuta.

"Mimi chumba changu kiko upande wa pili wa ukuta," mzee alisema. Alikuwa anaitazama picha, ile plasta. "Ukuta wa udongo. Mti gani, mpwa wangu? Nani hupanda mti msimu ule wa mvua, majani yamejaa hata mlangoni. Jeshini niliwaadhibu wanaume kwa madogo kuliko hayo."

"Kwa nini basi uliandikisha kwamba ni mgonjwa?"

"Kwa sababu ni mwanangu." Aliinuka kwa shida. "Litoe, nione."

Rojina alibofya. Bei ya dhahabu na hali ya hewa zikasogeleana, na pengo halikuonekana tena. Mzee alitazama kwa muda, kama anangoja picha irudi, halafu akashuka ngazi moja moja.

Homnath alirudi kumwita Malkia, baada ya Dashain. Rojina alimwomba radhi mara mbili na mara zote mbili akasema, "Yameisha, yameisha." Walitaniana tena. Lakini Homnath hakukubali tena kupewa neno lake la siri, hata Rojina alipokwenda likizo na kuhitaji mtu wa kulishika. Alisema amwachie Dai, na alilisema bila kucheka.

Miezi kadhaa ikapita. Rojina alikuwa Butwal kwa shughuli za binamu yake, anangoja basi la kurudi mlimani, alipomwona mwanamke kwenye benchi la upande wa pili. Uso mwembamba. Alivaa kitambulisho cha kiwanda cha kufuma shingoni, na mikono yote miwili ilikuwa huru. Alikuwa anamenya chungwa. Rojina aliujua uso ule kuliko wa watu wengi wa ukoo wake. Aliupandisha, aliushusha, aliutafuta gizani chini ya ukurasa. Kabla hajajizuia, alikuwa anatabasamu.

Mwanamke aliinua macho. Akamwona mgeni asiyemjua anamkazia macho, na mikono yake ikasimama juu ya chungwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kuona mgeni yuko na nani. Kisha akakusanya maganda, akachukua mfuko wake, akaenda kusimama kwenye kundi la akina mama karibu na dirisha la tiketi, mgongo ukutani, ambako angeweza kuwaona wote wanaokuja.

Rojina alitazama pembeni, na hakugeuka tena upande ule mpaka basi lake lilipoitwa.